Saiprasi, Mosi na Matanga ya Mtu Aliyekuwa Akinywa Uji

Wenzangu, kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii yangu nimeibeba miaka mingi nikidhani ni ya aina ya pili, lakini juzi nilikuwa napogoa ua wetu hapa Langas, Eldoret, harufu ya saiprasi ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama na panga mkononi nacheka peke yangu huku machozi yananitoka, mpaka jirani akauliza kama niko sawa. Siko sawa. Sijakuwa sawa tangu siku ile nilipoangua kilio mbele ya darasa zima la Kidato cha Tatu, mkaguzi wa chuo ameketi nyuma na kalamu yake, nikimlilia baba yangu mzazi ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ameketi kitandani hospitalini anakunywa uji.

Wacha nianze mwanzo. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, kule Kesses, nasomea ualimu wa Biolojia, na nilikuwa nimetumwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari barabara ya Kaptagat (jina silitaji, wamenisamehe, tusiwachokoze). Mkaguzi wa chuo huja kukuangalia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimechora mti kwenye karatasi ya manila, ukatokea kama mwavuli uliopigwa na upepo, na yeye akaniambia kwa upole unaouma kuliko matusi: "Nafula, ukifundisha mti, leta mti." Mara ya pili nilitetemeka tu, hakuna cha kusimulia. Ya tatu ndiyo ilikuwa imebaki, na nikianguka hiyo narudia mwaka.

Na kurudia mwaka hakukuwa jambo langu peke yangu. Baba alitoka Bungoma akiwa kijana, akaingia kiwanda cha mbao hapa mjini, akapasua saiprasi za watu maisha yake yote, na kitu pekee alichokuwa akitaka ni kusikia binti yake akiitwa Mwalimu na watu ambao si wa nyumbani. Wakati huo kifua chake kilikuwa kimechoka na vumbi la mbao, alikuwa amelazwa wiki ya pili, Mama analala kwenye kiti kando yake, na daktari alikuwa anasema "tuone" kila siku (mtu aliyewahi kukaa wodini anajua hilo neno "tuone" linavyokausha mate).

Siku moja kabla ya mkaguzi nilienda kumwona saa za wageni, nikamwambia kesho nafundisha kulinganisha saiprasi na mosi. Saiprasi aliijua. Mosi hakuijua kwa jina, nikamweleza ni ule uoto mfupi wa kijani, laini kama zulia, unaoota kwenye mawe yenye unyevu, kama lile jiwe la chini ya tangi letu. Baba akacheka. "Ile ya kunitelezesha? Kumbe nayo inasomewa chuo?" Halafu akanishika mkono, akawa mtu wa kiwanda tena: "Mwanangu, usibebe kijitawi cha aibu. Wa nyuma hawataona. Kata tawi la maana, lenye vile vitufe vyake vya mbegu. Hata mawili."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kijitawi kingetosha. Kijitawi kingeingia kwenye mkoba, ningeenda zangu, ningefundisha, nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia leo. Lakini nikaamua kubeba mawili makubwa, kwa sababu Baba amesema.

Asubuhi yake nilimwomba mwenye nyumba wetu, Mama Jerono, ruhusa ya kukata kwenye ua wake. "Kata tu," akasema, "lakini usitoboe ua, ng'ombe yangu itaenda kwa watu." Nikakata mawili, kila moja refu kunishinda. Nikang'oa jiwe la chini ya tangi, lenye ukubwa wa mkate, na kwa kuwa mosi haitakiwi kukauka nikalifunga kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji, kitambaa cha kichwa cha Mama cha kanisani (Mama hakuwepo wa kunikataza), nikalipakata kwenye beseni. Nikavaa suti nyeusi. Msiniulize kwa nini nyeusi, nilikuwa na suti moja.

Mwenye pikipiki aliyekuwa akinibeba kila siku ni Kibet, mtu wa Kaptagat, baba wa watoto wanne, mpole sana, ambaye zamani alijaribu riadha mpaka goti likamkatalia. Kuona yale matawi akaduwaa kidogo. "Madam, hizi zitakuchapa macho. Leta nifunge hapa mbele." Akayafunga kwenye usukani, moja kushoto na moja kulia, yakasimama vizuri kabisa. Ukungu ulikuwa mzito, akawasha taa. Na kwa sababu ya upepo kwenye matawi, akaenda polepole.

Sasa, kwa msiotujua: sisi watu wa Magharibi, mtu wetu akifa, pikipiki hufungwa matawi mabichi mbele, taa huwashwa mchana, mwendo huwa wa taratibu, na hakuna anayehitaji kuuliza. Langas nzima inajua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelelewa nikijua. Lakini kichwa changu siku hiyo kilikuwa kimejaa mizizi na mbegu, na Kibet ni Mkalenjin, kwao watu hujitokeza na majani barabarani kumpokea mwanariadha aliyeshinda, kwa hivyo tuliondoka pale watu wawili wajinga kwa sababu mbili tofauti, tukapita katikati ya mtaa na matawi mbele, taa zinawaka, mimi nyuma nimevaa nyeusi na nimepakata kitu kilichofungwa sanda.

Kwenye makutano alikuwepo Mama Sarah, muuza sukuma wiki, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wetu, Mbukusu kama sisi, mwanamke ambaye akipiga chafya mtaa wote unasema pole. Alikuwa anajua Baba amelazwa. Nilimwona akisimama, kisu cha mboga bado mkononi. "Nafula! Mzee yuko aje?" Nilimsikia vizuri sana. Ningesema "hajambo" yangeisha. Lakini nilikuwa nimechelewa, kwa hivyo nikatikisa kichwa, nikimaanisha siwezi kusimama, tutaongea jioni, na kwa kuwa baridi ilikuwa inanitoa machozi nikatoa leso nikajipangusa.

Mama Sarah aliweka kisu chini. Hilo nililiona, na sikulifikiria tena.

Tulipoingia barabara ya Kaptagat mambo yakageuka. Jua lilikuwa limechomoza, watu wanaenda shambani, na wote waliotuona walisimama wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee fulani mwenye baiskeli akauliza kwa sauti, "Nani ameshinda? Anakuja saa ngapi?" na Kibet, badala ya kumwambia ukweli, akainua ngumi juu. (Nilipomuuliza baadaye alisema alikuwa hajashangiliwa tangu goti lilipoharibika, akaona si vibaya.) Nami nikanyoosha mkono nikawapungia kama mke wa gavana. Fikirieni: nyuma kule Langas watu wanafunga maduka wakilia, huku mbele wanashangilia, na katikati niko mimi na jiwe langu.

Darasani nilianza vizuri. Wacha nijisifu kidogo, maana baada ya hapa hakuna nafasi. Mkaguzi aliketi nyuma karibu na dirisha, kofia gotini, na mimi nikasimamisha saiprasi ukutani, nikaweka jiwe mezani, na nikaanza kufundisha (darasani ni Kiingereza, lakini hapa nawapa kwa lugha yetu). Nikawaambia saiprasi ina mizizi ya kweli na mishipa ya kupandisha maji, ndiyo maana inaweza kwenda juu mpaka ukipinda shingo. Mosi haina mishipa hiyo, ina vinywele tu vya kushikilia jiwe, kwa hivyo haiwezi kujiinua, inakaa chini pamoja na wenzake wanabanana. Saiprasi inatoa mbegu, mbegu ina chakula chake ndani kama mtoto aliyefungiwa chakula cha njiani, inaenda na upepo. Mtoto wa mosi haendi popote. Anaota juu ya mama yake, anasimama kichwani pake na anakula kwake siku zote.

Halafu nikafika kwenye kile nilichokuwa nimekitegemea. Wiki nzima nilikuwa nimeacha kipande cha mosi dirishani kikakauka, kikawa cha kijivu, ukikigusa kinapukutika. Nikauliza, "Hiki kimekufa?" Wote: "Ndiyo!" Nikainua kikombe cha maji juu, nikasema, "Tawi la saiprasi likikauka hivi, limekwisha. Lakini mosi, usiseme imekufa kabla hujamwaga maji." Nikamwaga. Nikamwona mkaguzi anaandika, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Ndipo tukasikia wimbo.

Ulikuwa unatoka getini, wa Kibukusu, ule wa kusindikiza mtu, na mimi miguu yangu iliutambua kabla ya masikio. Nikachungulia dirishani. Pikapu ya kubebea viazi ilikuwa imesimama uwanjani, taa zinawaka, imefungwa matawi kila upande, na akina mama wanashuka wakiwa na matawi mikononi, mbele yao Mama Sarah, kitambaa kiunoni, mikono kichwani.

Sikufikiri habari ya pikipiki. Sikufikiri habari ya suti. Niliona majani mabichi na watu wa kwetu, nikajua Baba amekwenda na nilikuwa hapa nacheza na mawe. Kikombe kikaanguka. Nikapiga yowe ambalo naambiwa lilisikika mpaka jikoni, mpishi akazima moto.

Mama Sarah akaingia akanikumbatia. "Pole mwanangu, pole Nafula, tumesikia." Tumesikia! Basi nikaanguka kabisa, pale pale chini ya ubao. Wasichana wa mstari wa mbele wakaanza kulia, wavulana wakafuata huku wakijifanya wanakohoa, akina mama wakajaa darasani wakiimba, mwalimu mkuu akaja mbio akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akaanza sala, na ilikuwa sala ndefu, akaomba Mungu ampokee mzee wetu mahali pema. Mkaguzi alikuwa amesimama, amefunga kitabu chake. Mimi nililia na bado sehemu fulani mbaya ya roho yangu ikaona kile kitabu kimefungwa. Mungu anisamehe.

Baada ya amina, mkaguzi akasogea. Alikuwa mtu wa sayansi, hawezi kuacha swali. "Poleni sana, akina mama. Mzee amefariki saa ngapi?"

Mama Sarah akapangusa macho. "Hiyo Nafula ndiye anajua."

Nikainua kichwa kutoka sakafuni. "Mimi? Si ni nyinyi mmeniletea habari?"

"Sisi tumeletewa na wewe!" akasema Mama Sarah. "Si wewe umepita kwangu asubuhi na matawi? Si nimekuuliza Mzee yuko aje, ukatikisa kichwa hivi, ukalia? Tukaulizia ulikoelekea, tukakufuata usilie peke yako!"

Nikageuka nikatazama matawi yangu mawili yaliyosimama ukutani. Wote wakayatazama.

"Hayo," nikasema, "ni ya kufundishia."

Mkaguzi akauliza kama kuna mtu amepiga simu hospitalini. Mama Sarah akasema simu ya Mama imezimwa tangu asubuhi (kumbe imeisha chaji), ndiyo wakahakikisha. "Na ya Mzee mwenyewe?" Mama Sarah akamtazama kama mtu aliyepotoka. "Sasa Profesa, nani anapigia marehemu?"

Nikatoa simu kwenye mkoba, nikapiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu singeweza kusikia jibu hilo peke yangu. Ikaita. Ikaita sana. Kuna mtu nyuma alianza kusali tena.

"Haloo? Nafula? Umeshamaliza kufundisha?"

Nililia upya, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. "Baba, uko wapi?"

"Niko wapi? Si niko kitandani, nakunywa uji, hauna hata sukari. Mbona unalia? Wamekuangusha?"

"Baba, kuna watu hapa. Wamekuja kwa matanga yako."

Tukasikia kijiko kikiwekwa.

"Wamekuja wangapi?"

Nikahesabu kwa macho. "Kumi na saba."

"Kumi na saba," akarudia, polepole. "Na Mama Sarah yuko? Ameacha mboga?" Mama Sarah akajibu mwenyewe kwamba yuko. "Basi asante sana, Mama Sarah. Asanteni wote. Lakini mimi bado. Sasa ketini chini, mwalimu amalize somo."

Wanafunzi walicheka mpaka meza zikatingishika, na nadhani hapo ndipo nilipoitwa mwalimu mara ya kwanza na mtu ambaye jina hilo lilimaanisha kitu kwake. Mkaguzi akafungua kitabu chake. "Umemsikia," akasema. "Endelea."

Basi nikaendelea, jamani, suti imejaa vumbi la chaki, akina mama kumi na saba wamebanana kwenye madawati ya nyuma na matawi yao magotini. Nilipotazama mezani kile kipande cha kijivu kilikuwa kimefunguka chote, kijani kibichi, na mvulana mmoja akapiga kelele, "Madam, imefufuka kama babako!" Na nilipowarudia wageni habari ya mtoto wa mosi, Mama Sarah naye akainua mkono vizuri kabisa kama mwanafunzi, akauliza: "Mwalimu, huyo mtoto wa mosi, anakula kwa mamake mpaka lini?" Nikamwambia mpaka mwisho wake. Akageuka kwa wenzake. "Huyo ni mtoto wangu wa pili." Mkaguzi mwenyewe aliinamisha uso.

Nilipita. Kwenye karatasi yangu aliandika kwamba vielelezo vilikuwa vya kutosha, na chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Mwalimu abebe matawi madogo zaidi."

Baba alitoka hospitalini wiki iliyofuata, na mtaa ukamwita Mzee Mosi tangu hapo. Alilipenda hilo jina kupita kiasi. Kila mgeni akija ilibidi nisimulie, na kila mara nikifika mahali pa akina mama kuingia darasani alinikatiza: "Walilia sana?" Nikimwambia sana. "Hata yule mama wa samaki?" Hata yeye. Siku moja tukiwa wawili tu aliniambia kitu ambacho sijakisahau: kwamba pale wodini alikuwa halali, si kwa sababu ya kifua, bali alikuwa anaogopa kufa mjini, mtu wa nyumba ya kupanga, asiye na hata mti wake hapa Eldoret, apite kama hakuwahi kuwepo. "Halafu unaniambia kumi na saba," akasema. "Na ni siku ya soko." Lile jiwe la mosi aliliweka kando ya mlango, na kila jioni alilimwagia maji aliyooshea kikombe chake cha chai. Ninapenda kumkumbuka hapo, ameinama na kikombe, anazungumza na jiwe.

Aliishi miaka sita mingine. Alipokwenda kweli, asubuhi moja ya ukungu kama ile, Mama Sarah ndiye mtu wa kwanza niliyempigia. Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nafula, ni kweli, ama ni somo?"

"Ni kweli, Mama."

Siku ya kumsafirisha Bungoma nilimkuta Kibet nje ya mochari, amesimama kando ya pikipiki yake. Matawi mawili ya saiprasi, ya ua wa Mama Jerono, yalikuwa mikononi mwake. Hakuwa ameyafunga. "Madam," akasema, hakunitazama usoni, "leo nifunge?"

Nikamwambia, "Funga, Kibet."

Sasa mimi ni mwalimu mzima, na somo la saiprasi na mosi nalifundisha kila mwaka. Niliapa, na sijavunja: kijitawi ni cha ukubwa wa kidole, kinakaa mfukoni, na suti nyeusi siivai siku hiyo hata kwa bunduki. Jiwe liko pale pale mlangoni na maji ya kikombe linapata. Na kabla sijatoka nampigia Mama Sarah, ambaye sasa magoti yamezeeka na mboga ameachia wengine, namwambia, Mama, leo nina saiprasi, hakuna aliyekufa.

"Sawa, mwalimu," hunijibu. "Lakini viatu nimevaa."